Mkorosho Haulali Kipupwe: Habari za Mikorosho ya Mtwara na Pwani ya Ruvuma



Mgeni atokaye nchi za baridi akifika Mtwara katika mwezi wa Julai, akaambiwa kwamba huu ndio wakati wetu wa baridi, hucheka. Jua analiona liko juu, watoto wanaoga baharini pale Mikindani, na yeye mwenyewe anatoka jasho. Walakini wenyeji hawakumdanganya. Kipupwe kipo. Kusi huvuma mchana kutwa, usiku wazee hujifunika nguo nzito, na alfajiri majani huwa yamelowa umande kana kwamba mvua imenyesha. Na ikiwa mgeni huyo bado ana shaka, na aitazame miti. Mibuyu iliyo kando ya ghuba ya Mikindani husimama mitupu, matawi yake kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni. Na ukienda bara, ukaupita uwanda wa juu wa Makonde na kushuka upande wa Masasi, utaona misitu mizima ikigeuka rangi na kupukutisha majani, ikilala usingizi mpaka mvua ziwe karibu kurudi.

Katika miti hiyo yote mmoja haulali, nao ndio ulio wengi kupita yote katika mashamba ya huko: mkorosho. Huo haubaki uchi hata siku moja. Huangusha majani makuukuu kidogo kidogo, na papo hapo, katika baridi na ukavu, hutoa machipukizi mapya, na katika ncha za machipukizi hayo hutokea mashada ya maua. Kwa hiyo majira ambayo kwa miti mingine ni usingizi, kwa mkorosho ni uzazi. Mwenye mti hana budi kuutengeneza kabla ya majira hayo kufika, wakati mti wenyewe hauonyeshi dalili ya kuhitaji kitu. Nataka leo kueleza jinsi kazi hiyo ndogo, ambayo huonekana kuwa ni ya panga na jembe tu, ilivyoachwa katika mkoa wa Mtwara, na nchi ilipata nini kwa kuiacha.

Mkorosho si mti wa kwetu kwa asili. Ulitoka Brazili, katika pwani ya kaskazini mashariki ya nchi ile, na Wareno ndio walioupeleka India na Afrika ya Mashariki katika karne ya kumi na sita. Katika pwani yetu ulikuta mahali palipoufaa kabisa: udongo wa mchanga, jua jingi, na mwaka wenye mvua za majira mamoja tu, zianzazo karibu na Desemba na kukoma Aprili au Mei, kisha ukavu mrefu wa kuanikia maua. Ng'ambo zote mbili za Ruvuma ulienea, nao hautambui mpaka uliowekwa na Wareno na Wadachi. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa uani na wa njiani. Watu walikula bibo, wakakausha mabibo mengine, wakakamua maji yake na kuyaacha yachachuke yawe uraka, na korosho zikachomwa katika majivu na watoto. Wala hakuna aliyefikiri kuupogoa, kwa maana mti mmoja uliosimama peke yake penye nafasi na jua hujitosheleza wenyewe.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Pili. Wafanya biashara walikuwa tayari kununua korosho ghafi na kuzipeleka India, hasa Kollam katika nchi ya Kerala, ambako maelfu ya wanawake walizibangua kwa mikono. Mavuno yetu huanza Oktoba, wakati ambapo ya India yamekwisha zamani, basi viwanda vya kule vilizihitaji korosho zetu ili visikae bure. Mkulima wa Newala au wa Nanyamba aliposikia habari hiyo hakungoja kufundishwa. Alikuwa na desturi ya kufyeka pori, kupanda mtama, muhogo na kunde kwa miaka michache, kisha kuliacha shamba lipumzike na kuhamia jingine. Sasa kabla ya kuliacha alipanda korosho humo kati ya mihogo, na alipoondoka aliacha nyuma yake miti inayokua. Ilikuwa akili nzuri sana. Shamba lililokuwa likirudi kuwa pori sasa lilirudi kuwa mali, na mwenye miti alijulikana kuwa ndiye mwenye mahali pale.

Hapa lazima niseme neno juu ya jambo jingine lililotendeka wakati ule ule, kwa kuwa watu wakitaja Mtwara na kilimo hukumbuka hilo kwanza. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ndipo bandari ya Mtwara ilipojengwa, ikafunguliwa mwaka wa 1954, na reli ikalazwa kwenda bara. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa mwaka wa 1951, baada ya hasara ya pauni milioni 36 hivi, na baadaye reli iling'olewa. Bandari ikabaki na gati zuri na karanga hazipo. Kilichokuja kuijaza ni korosho, zilizopandwa na watu wasio na trekta wala mkopo, wala hawakuwa wameingizwa katika mpango wa mtu ye yote. Mimi naona habari hiyo ingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa zaidi kuliko ile ya karanga.

Lakini upandaji ule wa werevu ulikuwa na kasoro moja ndani yake, nayo haikuonekana mpaka miti ilipokua. Mtu apandaye katika shamba la muhogo hupanda karibu karibu. Mche una urefu wa goti, na hatua tano toka mche mpaka mche zaonekana ni nyingi. Baada ya miaka kumi na mitano matawi hukutana. Baada ya ishirini huingiliana, na shamba huwa pango moja la giza. Na mkorosho, kama nilivyosema, huzaa katika ncha za matawi yapatayo jua. Mti uliosimama peke yake huzaa pande zote, kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Mti uliobanwa huzaa juu tu, kama mtu aliyefungwa gunia mpaka shingoni. Wataalamu wa siku hizi hushauri mita 12 kati ya mti na mti, yaani miti sabini hivi katika hekta moja.

Basi kazi yenyewe ni nini? Mavuno yakiisha, yaani kati ya mwisho wa mavuno na mwanzo wa kipupwe, mwenye shamba huingia na panga, msumeno na jembe. Hukata matawi yaliyokufa, na yale yaliyolala chini mpaka kumzuia mtu kupita, ili aweze kupalilia hata shinani na kuziona korosho zitakapoanguka. Kwa maana korosho njema haichumwi mtini, huokotwa chini. Kisha huinama na kuingia ndani ya mwavuli wa matawi, penye kivuli, na kuondoa machipukizi membamba yaliyoota katika shina na katika matawi makubwa. Machipukizi hayo hayazai kitu. Huwa laini, ya kijani kibichi, na mtu asiyejua huyahurumia kwa uzuri wake. Mwisho, ikiwa miti imebanana, huchagua iliyo dhaifu na kuitia shoka.

Jambo moja hulikosa wengi wajifunzao kupogoa kutoka katika vitabu vya ugenini. Katika Japani iko sanaa ya zamani ya kupanda miti katika sinia, iitwayo bonsai, na wenye sanaa hiyo huipogoa miti ipukutishayo majani wakati wa baridi, kwa kuwa mti ukiwa mtupu umbo lake lote huonekana, na mkono waweza kuchagua tawi la kukata na la kuacha. Hukata ncha ili mti ubaki mdogo na matawi yazidi kugawanyika. Kwao ni sawa, kwa maana watafutalo ni umbo. Lakini mtu akizikata ncha za mkorosho mwezi wa Juni amekata maua yake mwenyewe, wala hatakuwa na kitu cha kuokota Oktoba. Mkorosho hupogolewa ndani, na chini, na mapema, nje huachwa. Na kwa kuwa haubaki mtupu kamwe, mpogoaji hana budi kuingia ndani na kutazama juu kutoka shinani ili aone lililo baya, huku majimoto, wale siafu wekundu washonao majani kuwa nyumba zao, wakimshukia shingoni. Naye asiwaue bure, kwa kuwa huwinda wadudu wafyonzao machipukizi, hasa wale waitwao mbu wa mikorosho. Viota vyao vilivyo juu viachwe.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na watu bila kuitwa kwa jina lo lote. Nyumba ilikuwa shambani, au karibu nalo. Mtu akitoka asubuhi hupita chini ya miti yake, akaona tawi lililokauka akalikata likawa kuni. Akaona machipukizi shinani akayapangusa kwa mgongo wa panga. Mbuzi nao wakafanya sehemu yao. Palizi ilifanywa pamoja na palizi ya muhogo. Hakuna aliyesema, "Leo naenda kupogoa mikorosho," kama vile hakuna asemaye, "Leo naenda kufagia uwanja." Na hivyo mavuno yalizidi mwaka hata mwaka, mpaka msimu wa 1973/74 Tanzania ilipopata tani 145,000. Wakati huo Msumbiji ilikuwa ya kwanza duniani kwa korosho, na sisi tulikuwa karibu nyuma yake; na sehemu iliyo kubwa kabisa ya korosho zetu ilitoka mkoa wa Mtwara.

Kutoka hapo tukaanguka. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 17,000 hivi tu. Yaani katika kila magunia manane yaliyokuwa yakijazwa, lilijazwa moja. Viwanda kumi na viwili vya kubangulia korosho vilikuwa vimejengwa nchini kwa fedha za mkopo, na kwa pamoja vingeweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vingi vikabaki vimefungwa, na mashine zikashika kutu. Katika pwani ile hapakuwa na nyumba ambayo haikuguswa, kwa kuwa ada ya shule, bati, kanga na mahari vyote vilitoka katika korosho.

Walikuwako watu waliosema upesi kwamba mkulima wa kusini amekuwa mvivu. Neno hilo ni jepesi, nami silikubali. Tutazame yaliyotendeka, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kuhama. Katika nchi ya kando ya Ruvuma watu walianza kukusanywa vijijini mapema, kwa sababu ya vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyokuwa ng'ambo ya mto tangu 1964 mpaka 1974. Kisha, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufika mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia humo. Nia yake ilikuwa shule, zahanati na maji, na vitu hivyo vilikuwa haja ya kweli. Juu ya uwanda wa Makonde wanawake walikuwa wakishuka mabonde marefu kutafuta ndoo ya maji. Lakini mkorosho hauhami. Mtu alihamishiwa kando ya barabara, na miti yake ikabaki maili nyingi nyuma. Ile kazi isiyo na jina, ya kupita asubuhi na panga mkononi, ikafa siku ile ile. Sasa kupogoa kuligeuka kuwa safari, na safari huhitaji sababu.

Na sababu ikapungua. Kuanzia miaka ile ununuzi wa korosho uliwekwa chini ya mamlaka moja ya Serikali, na mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Fungu la mkulima katika bei iliyolipwa ng'ambo likazidi kupungua, na shilingi aliyopewa ikazidi kununua kidogo, hata dukani hapakuwa na sabuni wala nguo ya kununua. Mtu mwenye akili timamu, akiwa na jembe moja na siku moja, atakwenda kupalilia muhogo ulio karibu, au mikorosho iliyo maili saba, ambayo thamani yake itakatwa njiani? Alikwenda kwenye muhogo. Oktoba alikwenda kuokota korosho alizoziona, na zilizoangukia majanini akaziacha. Mioto ya pori ikaingia katika mashamba yasiyopaliliwa na kuchoma mingi.

Ndipo likaja la tatu. Karibu na mwaka wa 1979 ulionekana katika mikorosho ya Mtwara ugonjwa uitwao ubwiriunga. Jina hilo ni zuri, kwa maana ndivyo unavyoonekana: kana kwamba mtu amepita usiku akiyanyunyizia machipukizi na maua unga wa muhogo. Ni ukungu, yaani kuvu, na wenyewe wapenda kipupwe. Hauhitaji mvua, usiku wa baridi na asubuhi ya umande vyautosha. Hauna nguvu juu ya majani yaliyokomaa, bali hushika kila kilicho kichanga: jani changa, ua, na kijikorosho kilichoanza kufunga. Ua likishikwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, lisizae. Katika mwaka mbaya mti usiotunzwa waweza kukosa mavuno yake yote.

Na sasa tazameni jinsi mambo haya matatu yanavyofungana. Ukungu ule huishi juu ya machipukizi machanga tu. Basi mvua zikiwa zinanyesha, kati ya Desemba na Aprili, mti hauna machipukizi machanga huko nje, nao ungetakiwa ufe kwa njaa. Haufi. Hukaa ndani ya mti, katika kile kivuli, juu ya yale machipukizi membamba yaotayo shinani, ambayo zamani mwenye shamba aliyapangusa kwa mgongo wa panga. Humo hungoja. Kipupwe kikianza na machipukizi mapya yakatoka nje, kusi huupeperusha ule unga kutoka katika mti mmoja hata shamba zima. Kwa hiyo mashamba yaliyoachwa, yenye miti iliyoshikana na machipukizi tele, yalikuwa ghala la ugonjwa. Na jirani aliyetunza miti yake aliletewa ugonjwa na upepo kutoka katika shamba la yule aliyehamishwa. Sisemi kwamba kuhamia vijijini ndiko kulikoleta ubwiriunga. Nasema kwamba uliikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Dawa ilitafutwa katika kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kilichoanzishwa mwaka wa 1970. Ikaonekana kwamba unga wa salfa, ambao wakulima wa zabibu wa Ulaya wameutumia tangu karne ya kumi na tisa, wauzuia ukungu huu vizuri. Mashauri ya kwanza yalikuwa robo kilo ya salfa kwa mti kila mara, mara tano kwa msimu, kila baada ya siku kumi na nne, tangu machipukizi na maua ya kwanza yatokeapo. Hupulizwa kwa mashine ibebwayo mgongoni, alfajiri kabla ya upepo kuamka, wakati umande ungali juu ya majani ili unga ushike. Mwezi wa Julai ukipita barabara ya Newala kabla ya jua kutoka utasikia mashine hizo kila upande, na kuona mawingu ya manjano yakipanda juu ya mashamba.

Katika miaka ya 1990 wafanya biashara waliruhusiwa tena kununua, bei ikapanda, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, wengine wakijenga vibanda huko na kukaa msimu mzima. Salfa ikauzwa mpaka vijijini. Hata ilipofika mwaka wa 2000 mavuno ya nchi yalikuwa yamepita tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 yalipita 300,000. Wengi husema salfa ndiyo iliyouponya mkorosho. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Salfa huzuia, haimfuati adui ndani ya pango. Unga upulizwao katika shamba lililobanana hukwama katika majani ya nje, na mti wa kati haupati kitu. Mwenye shamba huongeza mara ya sita na ya saba, na fedha yake huishia hewani. Palipopunguzwa miti na kuondolewa machipukizi ya ndani, unga kidogo hufanya kazi kubwa. Panga halina bei ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Tena salfa nyingi, ikianguka mwaka hata mwaka juu ya udongo wetu wa mchanga, huutia udongo uchachu, na wataalamu wamekwisha kulionya jambo hilo.

Kwa nini basi watu hawapunguzi miti? Hapa ndipo penye ugumu, nao si wa elimu tu. Mwambie mzee wa Kitangari kwamba miti mitatu katika kila kumi aitie shoka, naye atakutazama kama umemwambia amwage unga chini. Mti ule aliupanda baba yake. Huenda ndio alama ya mpaka kati yake na ndugu yake. Huenda umekwisha kuwekwa rehani kwa mtu aliyemkopesha fedha ya matibabu. Wewe wauona mti dhaifu unaokula jua la mwenziwe; yeye anaona ushahidi wa kwamba shamba ni lake. Tena zile korosho kilo mbili tatu anazopata juu yake ni za leo, na hizo kilo kumi zitakazoongezeka katika miti ya jirani ni za mwaka wa tatu. Mabwana shamba waliofaulu ni wale waliokubali kwanza kukata nusu ekari tu, mwenye shamba mwenyewe akichagua, wakamwacha atazame misimu miwili.

Na bei ikiyumba, panga nalo hulegea. Novemba 2018 wafanya biashara walitoa bei ndogo mnadani, wakulima wakakataa, na Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazibeba. Bei ilikuwa njema. Lakini wapo waliongoja malipo miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo ile ile ya kupogoa na kupalilia, ambayo mtu huhitaji fedha mkononi ili awalipe vibarua na kuweka akiba ya salfa. Mkorosho haujui kwamba malipo yako njiani. Kipupwe kikifika hutoa maua yake.

Limebaki jambo la uzee. Miti mingi ya uwanda wa Makonde na ya kando ya bahari, kutoka Msimbati mpaka Mikindani, ilipandwa kabla au karibu na uhuru wa 1961, nayo imechoka. Naliendele wamechagua miti iliyo bora kwa uzazi na kwa ukubwa wa korosho, na njia yao ya kuufanya upya mti mzee ni ya kupogoa kulikozidi mipaka: shina hukatwa kwa msumeno likabaki kisiki kifikacho kiunoni, huachwa lichipuke, kisha machipukizi machache yenye afya huchaguliwa na kuunganishwa vikonyo vya mti bora. Mizizi ni ile ya zamani, iliyokwisha kushuka mbali kutafuta maji, na mti ni mpya. Baada ya miaka miwili au mitatu waanza kuzaa.

Kazi hii nayo ina siri yake. Yale machipukizi ya kisiki ni laini sana, na ubwiriunga huyapenda kama ulivyoyapenda yale ya shinani, hivi kwamba asiyeyalinda kwa salfa katika kipupwe cha kwanza huyapoteza. Na asikate shamba zima mwaka mmoja. Akiwa na miti sitini, akate kumi na mitano iliyo mibaya, mavuno ya ile mingine yamlishe. Mwaka wa pili akate mingine kumi na mitano, na kati ya visiki apande muhogo na kunde kama baba yake alivyofanya, kwa maana jua limerudi chini, na mbuzi wafungwe mbali mpaka vikonyo vishike.